Mgeni wa jikoni: mtathmini anayeanza kazi kwa kuomba chai

Saa tatu asubuhi, sebule imejiandaa kupokea mgeni. Makochi yamevishwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, sakafu bado haijakauka vizuri baada ya kupigwa deki, na kwenye kochi kubwa amekaa mama wa miaka hamsini na minane aliyevaa gauni la kuendea harusini. Mkono wake wa kulia umefunikwa kwa mtandio. Mwanawe, dereva wa lori ambaye huonekana nyumbani kwa nadra, leo ameomba ruhusa kazini. Mkwewe, mke wa dereva huyo, amesimama mlangoni, anatabasamu kama mtu aliyeamka mapema mno.

Mgeni anaingia, anavua viatu, anasalimia mmoja mmoja, anauliza habari za usingizi na za watoto. Kisha anafanya jambo ambalo mgeni mwenye adabu zake hafanyi. Anaipita sebule.

"Jikoni ni wapi?" anauliza.

Mkwe anamwonyesha kwa kidole. Mgeni anaingia, anavuta kigoda, anakaa kati ya jiko la gesi na ndoo ya maji, mkoba wake mapajani. Kutoka huko anapaza sauti: "Mama, naomba chai. Uniandalie wewe mwenyewe."

Mgeni kuhudumiwa na mtu aliyepooza upande mmoja, na vijana wenye nguvu zao wapo? Dereva wa lori anakunja uso.

"Kaka, samahani," mkwe anawahi, "chai nitakuletea mimi. Iko tayari kwenye chupa."

"Ukiniletea wewe, nitajua kwamba wewe unaweza," mgeni anajibu. "Hilo halijanileta hapa."

Huyu ndiye mtathmini wa mahitaji ya watu wenye ulemavu, mwanamume wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mpole wa sauti na mbishi wa kila kitu kingine. Kazi yake ni kwenda majumbani kuona mtu anaweza nini, hawezi nini, na anahitaji msaada gani: kiti mwendo, fimbo, kifaa cha kusikia, mtu wa kumsaidia. Anachokiona ndicho kinachosomwa na kamati ya huduma, na kamati ikishaamua, familia nzima inapanga maisha yake upya.

Ofisini wanamwita Bwana Jikoni. Jina alipewa kwa kejeli, na wenzake wakitaka kumchokoza humwuliza leo amepikiwa nini. Hakasiriki. "Sebuleni hakuna anayeishi," anasema. "Sebule ni ya wageni. Ukitaka kumjua mtu, nenda anakopikia na anakoogea."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye anasema methali hiyo imemtesa kuliko foleni, mvua na mbwa wa watu. Siku ya mtathmini kila nyumba inapona. Aliyekuwa haongei anafundishwa salamu tangu jana. Aliyekuwa hakai anaegemezwa mito mpaka anakaa. Mlemavu anaogeshwa, anavalishwa, anapulizwa marashi, na mtathmini akiuliza swali, watu wanne wanajibu kwa niaba yake.

"Hawadanganyi," anasisitiza. "Ni heshima. Nani atamwonyesha mgeni aibu yake? Lakini mimi nikirudi na heshima yao kwenye mkoba, kamati inasema hawa hawana shida, wanyimwe."

Ndicho kilichotokea katika nyumba hii. Mama mwenye gauni la kuendea harusini anajulikana mtaa mzima kama Fundi. Kwa miaka mingi alishona sare za shule, na wapo watu wazima wenye ndevu leo ambao suruali yao ya kwanza ilitoka kwenye cherehani yake. Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimchukua mguu na mkono wa kulia. Mguu umerudi nusu. Anatembea na fimbo. Mkono haukurudi.

Mkwewe alikuwa msimamizi wa ufungashaji katika kiwanda cha mikate. Aliacha kazi ili amtunze. Sasa kiwanda kimemwita tena, kinataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na nafasi hiyo haitamsubiri. Mshahara wa dereva peke yake, kwa maneno ya dereva mwenyewe, "unafika nyumbani ukiwa umechoka kuliko mimi."

Familia iliomba msaidizi wa kushinda na mama kutwa nzima. Mtathmini mwingine alikuja, akakaa sebuleni, akanywa soda. Fundi alisimama bila kushikwa, akamsalimia, akamwambia hana neno. Jibu la kamati lilikuja kwa neno moja: anajiweza. Baada ya hapo wanafamilia walikutana na kuamua kwamba ombi likikataliwa mara ya pili, Fundi atahamia kwa kaka yake, safari ya siku nzima kutoka hapa.

"Kwa kaka yangu mimi ni mgeni," Fundi anasema. "Nitapewa kochi zuri, nitaambiwa nikae, nitakaa mpaka siku ya kuzikwa. Hapa ni kwangu."

Kwa hiyo asubuhi hii ina uzito wake. Fundi anaitazama fimbo, anamtazama mwanawe, anasimama na kwenda jikoni. Wote wanamfuata, mwandishi wa habari hii akiwemo. Jiko dogo linajaa watu kama duka siku ya mwisho wa mwezi.

Anajaza sufuria kwa kuchota maji kikombe kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto. Kiberiti kinamsumbua. Anatulia, anafikiri, kisha anaunyanyua mkono wake wa kulia kama kitu cha mtu mwingine na kuulaza juu ya kiberiti pembeni ya meza. Mkono ule hauna nguvu, ila una uzito. Kiberiti hakisogei tena. Njiti inawaka.

"Hivyo ndivyo tunavyozuia kitambaa kisiteleze," anaeleza bila kugeuka. "Unaweka pasi juu yake. Sasa pasi yangu ndiyo hii."

Kopo la sukari anakaa nalo, analibana kwa mapaja na kulifungua. Pakiti ya majani anaikata kwa meno. Mkwe anasogea kusaidia mara tatu, na mara tatu Bwana Jikoni anainua kiganja kumzuia, kwa upole, kama askari wa barabarani mwenye subira. Chai inachemka. Sasa sufuria ni nzito, ina moto, na mkono ni mmoja. Dereva hawezi tena kuvumilia.

"Mama, utaungua! Acha!"

"Wewe nawe," mama anamjibu. "Mimi ndiye niliyekufundisha kushika kijiko."

Anazima gesi. Sufuria haigusi. Anachukua upawa, anachota chai kidogo kidogo, anajaza kikombe, anakisukuma mezani hadi mbele ya mgeni. Mgeni anaonja.

"Sukari imezidi," anasema.

"Hiyo ni ya kwako," Fundi anajibu. "Umekonda."

Wote wanacheka, na dereva anafuta macho kwa mkono wa shati. Kumbe mama anaweza! Miaka miwili hawakuwahi kumwona akishika hata kikombe cha kuosha, kwa sababu miaka miwili hawakuwahi kumwacha ashike.

Asiyecheka ni mkwe. Anamvuta mwandishi pembeni, uso umemshuka. "Huyu sasa ataandika kwamba anajiweza kabisa," ananong'ona. "Mama ametumaliza kwa kikombe kimoja cha chai."

Hofu yake ina msingi. Tatizo la kazi hii, anakiri Bwana Jikoni, ni kwamba uwezo wa mtu hutumiwa kumnyima. Ukiandika anaweza, anakatwa. Ukiandika hawezi, anapewa, lakini anakuwa mtu ambaye karatasi ya serikali imesema hawezi, na nyumba nzima inaanza kuamini. Wapo watathmini wenye huruma wanaotia chumvi ili familia ipate. Yeye anakataa, na lawama za kukataa anazijua.

"Mzee wangu alikuwa mtunza stoo," anasimulia. "Alipopofuka, tulimpenda mpaka tukammaliza. Maji tulimpa mkononi. Viatu tulimvalisha. Mama yangu alipofariki, tulirudi kutoka makaburini, mzee akataka maji ya kunywa. Alikaa kwenye nyumba ile miaka thelathini na hakujua vikombe viko wapi. Yeye, mtu aliyejua kila msumari ulipo kwenye stoo ya watu! Mimi ndiye niliyekuwa nimempa huo msaada wa kumkalisha. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma."

Aliingia kwenye kazi hii miaka kumi na minne iliyopita. Ofisi yao ina watathmini watatu kwa eneo lote, gari moja lisilowaka kila siku, na mshahara ambao mke wake anauita "posho ya kukuzuia usikae nyumbani." Nauli mara nyingi inatoka mfukoni mwake. Kwa juma anatembelea nyumba nane hivi, na katika nyumba nane anakunywa chai nane, nyingine za chumvi. Chumvi nayo, anasema, ni habari: mwenye nyumba haoni vizuri na hajamwambia mtu.

Sasa anarudisha kikombe mezani na kuomba kuoneshwa bafu.

Bafu analotumia mama peke yake ni chumba chembamba cha saruji, mlango wake una kizingiti kirefu. Ndani kuna ndoo, kata, kipande cha sabuni na dodoki lililotundikwa kwenye msumari. Bwana Jikoni anaishika sabuni. Imekauka na kupasuka. Analigusa dodoki, ni gumu kama kuni. Ukutani, usawa wa bega, kuna alama ya kiganja iliyofifisha rangi mahali pamoja.

"Mama anaoga mwenyewe?" anamwuliza mkwe.

"Mwenyewe. Kila asubuhi nampelekea maji ya moto, nakaa hapo nje, nasikia anavyojimwagia."

Mtathmini anatikisa kichwa taratibu. Kisha anaomba kila mtu atoke nje, mwandishi akiwemo, abaki yeye na Fundi jikoni, mlango ukiwa wazi.

Nje, kwenye kamba ya nguo, dereva anazunguka. "Mimi naendesha tani thelathini," anasema, "lakini leo naogopa mtu mwenye mkoba." Mkwe amekaa kwenye ngazi, anakunja na kukunjua pindo la kanga.

Yaliyosemwa jikoni Fundi mwenyewe ameyasimulia baadaye, na ameruhusu yaandikwe, kwa sababu anaamini hayuko peke yake.

"Aliniambia, mama, ile sabuni haijaguswa na maji siku nyingi," anasema. "Nikamwambia ya kwangu naiweka kwingine. Akanitazama tu. Akasema, mama, mficha uchi hazai. Nikamjibu, mwanangu, mimi nimeshazaa watatu, sasa niache nifiche. Tukacheka. Halafu nikalia."

Ukweli ulikuwa hivi. Kila asubuhi Fundi alipelekewa maji, akafunga mlango, akachota kata na kumwaga sakafuni. Akachota tena, akamwaga tena. Akalowesha uso na nywele za mbele, akatoka. Nje, mkwe alisikia maji na kuridhika. Fundi alioga kweli mara moja kwa juma, Jumapili, binti yake wa kuzaa alipokuja. Jumapili binti asipokuja, juma liliruka.

"Nina mkono mmoja mzima," anaeleza, na hapa sauti yake ni ya fundi anayemweleza mteja kwa nini suti haiwezi kuwa tayari kesho. "Mkono huo ndio ninaoshikia ukuta. Nikiuachia, naanguka, nilishaanguka. Sasa sabuni niishike na nini?"

Kwa nini hakumwambia mkwewe, anayemlisha, anayemfulia, aliyeacha kazi kwa ajili yake? Fundi anamshangaa anayeuliza. "Mke wa mwanangu anivue nguo? Anioshe? Halafu jioni tukae meza moja na mume wake, ambaye ni mwanangu? Bora ninuke."

Bwana Jikoni hakumbishia. Alimweleza kwamba ili kamati isikie, itabidi aandike, na kikiandikwa hakitakuwa siri tena ndani ya nyumba hii. Akamwuliza kama yuko tayari. Fundi akamwita mkwewe.

"Na mimi?" dereva anauliza kutoka kwenye kamba ya nguo.

"Wewe kaa hukohuko."

Mkwe anaingia, na mwandishi anaruhusiwa kusimama mlangoni. Fundi anasema kwa maneno machache, akitazama jiko. Mkwe anashika mdomo.

"Mama, miaka miwili? Na mimi nasikia maji kila siku?"

"Ulisikia. Nilimwaga mengi ili usikie."

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje, mwanangu?"

Mkwe anapiga magoti, anamshika mama mkwe wake mkono wa kulia, ule usiohisi, na analia bila kuficha. Ni huzuni, na pia ni ahueni. Ameteseka miaka miwili akijiuliza kwa nini mama hujitenga, kwa nini hataki kukaa karibu na watu, kama amemkosea nini. Fundi anahangaika kumbembeleza kwa mkono ambao haukushikwa.

"Basi, basi," anasema. "Sasa mgeni atasema tunamfukuza kwa makelele."

Mgeni anaandika. Anachoandika siku hiyo hakifanani na ombi la kwanza. Familia iliomba mtu wa kutwa. Yeye anaomba saa moja kila asubuhi, mwanamke asiye ndugu, wa kumwogesha na kumvalisha. Anaomba bomba la kushikia ukutani, stuli ya bafuni na kizingiti kishushwe. Na upande wa uwezo anaorodhesha kila kitu bila woga: anawasha jiko, anapika chai, anajihudumia akiwa amekaa, anaweza kubaki peke yake mchana, akili yake ya ufundi iko kamili. Mkwe anasoma juu ya bega lake.

"Kaka, hayo ya kuweza yatatuponza."

"Hayo ndiyo yatakayotubeba," anajibu. "Tuliza moyo."

Siku kamati ilipokaa, mwenyekiti aliuliza swali ambalo kila mtu alilitarajia: mtu anayepika chai anataka msaidizi wa nini? Bwana Jikoni, kwa mujibu wa mjumbe mmoja aliyekuwepo, alisimama na kumwomba mwenyekiti ashike ukuta kwa mkono wa kushoto, aufiche wa kulia mfukoni, ainue mguu mmoja, kisha ajisugue mgongo. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti alicheka pia, akajaribu, akayumba, akaushika tena ukuta haraka.

"Hatuombi mtu wa kumkalisha," Bwana Jikoni alisema. "Kukaa anajua. Tunaomba mkono mmoja, saa moja, ili mkono wake mwingine ufanye kazi kutwa."

Kamati ilikubali msaidizi, bomba na stuli, kwa miezi sita, kisha hali itazamwe upya. Kizingiti walikataa, walisema hawana fungu. Dereva alikivunja mwenyewe siku iliyofuata kwa nyundo aliyoazima, akamwaga saruji yenye mteremko ambayo, mama yake anasema, imepinda kama pindo la mwanafunzi.

Mkwe amerudi kiwandani. Hutoka kabla jua halijachomoza, na hukuta chai anaporudi. Msaidizi, mama wa makamo mwenye mikono mipana na hadithi zisizoisha, huja asubuhi na kuondoka. Habari za kwenda kwa kaka hazisikiki tena. Cherehani imetolewa kwenye kona na kuwekwa dirishani, na Fundi ameanza kukata vitambaa vya mto kwa mkono wa kushoto, akiukalisha wa kulia juu ya nguo isiteleze. Anakiri kwamba mistari haijanyooka. Anaongeza kwamba hajafa.

Bwana Jikoni haridhiki haraka. Anataka ofisi yake iwe na kanuni mbili: kila anayetathminiwa apewe nafasi ya kuzungumza bila ndugu kuwepo, na achague mwenyewe azungumze na mwanamume au mwanamke. Anajua Fundi angeweza kumnyamazia yeye, mwanamume, na juma lingeruka tena. Anataka pia watu wenye ulemavu waajiriwe kuwa watathmini, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Barua mbili amekwishaandika. Ya tatu anaiandaa, na anasema itakuwa fupi na kali.

Wakati wakubwa wakifikiria, ameomba jambo dogo akakubaliwa. Wapo watathmini wapya watakaofundishwa hivi karibuni, na siku moja ya mafunzo amepewa yeye. Hatazungumza. Amepanga asimame Fundi, awaeleze kwa kinywa chake mtu anavyoweza kumwaga maji miaka miwili na nyumba nzima isijue.

Alikwenda kumwomba juma lililopita, akiwa na wasiwasi kidogo. Kumwambia mkwe ni jambo moja. Kusimama mbele ya ukumbi wa wageni ni jambo lingine. Alimwambia anaweza kukataa, na kwamba akikubali watamwuliza kwanza siku ipi inamfaa.

Fundi aliacha mkasi, akamtazama.

"Niwekeni siku yoyote," alisema. "Siku hizi kila siku nimeoga."